Siku Hamsini za Maili Hamsini

Mliponifanyia ile hafla ya kuniaga, soda moja moja na hotuba ndefu, kijana mmoja wenu alisimama akauliza, "Mzee Saidi, katika miaka yote hiyo umeendesha baiskeli umbali gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana jibu lingechukua muda na soda zilikuwa zinapata moto. Sasa nimekaa nyumbani Magomeni wiki kadhaa, sina pa kuwahi asubuhi, nikaona niliandike. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilikuwa tarishi wa telegramu, kisha nikawa tarishi mwandamizi wa telegramu, yaani baiskeli ileile na mfuko uleule.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Ofisi yetu ilikuwa upande wa Gerezani, karibu na karakana za reli, na nyuma yake palikuwa na banda la baiskeli lenye kuta za mbao. Siku ya kwanza nilipewa sare ya kaki, kofia, mfuko wa ngozi wa kuvaa begani, na baiskeli nyekundu nzito kama kitanda cha chuma. Karani wa zamu, Ndugu Kimaro, Mchaga mwembamba aliyefunga tai hata kwenye joto la Januari, alinipeleka bandani kwa mtu mmoja aliyekuwa amechuchumaa anakaza spoku.

"Mzee Chilumba, huyu ndiye mpya. Mfundishe."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nimemaliza darasa la nane."

"Sikukuuliza umemaliza nini. Wengi utakaowapelekea hawajui kusoma, utawasomea wewe. Ukikwama katikati ya neno, unawatesa mara mbili."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Newala, Mkristo, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo kwa kukaa sana juu ya baiskeli. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na binti yake wa pekee, Skola, alilelewa na dada yake hukohuko Newala. Hapa mjini alipanga chumba nyuma ya soko la Kariakoo, kwenye nyumba ya Bi Mwajuma, mama wa Kizaramo aliyempikia, akamfokea, na kumwita Chilumba tu, bila mzee.

Ninyi wa siku hizi mmezoea simu ya mkononi, kwa hiyo sijui kama mtaelewa. Wakati ule telegramu ilikuwa na maana moja karibu kila mara. Harusi ilingoja barua. Mtoto akizaliwa, habari ilikuja na msafiri. Kifo ndicho kilichokuwa hakingoji. Tulipokata kona kuingia mtaa wowote wa Kariakoo, wanawake waliokuwa wakisukana barazani walisimamisha mikono, wakatusindikiza kwa macho kuona tutasimama nyumba gani. Upanga, kwenye maghorofa, mlango ulifunguliwa kwa upana wa jicho. Magomeni mama mmoja alifunga dirisha nikiwa bado mbali, akaniambia kutoka ndani, "Rudi nayo, baba. Waambie hujanikuta." Nilisimama pale nusu saa nikimbembeleza.

"Shuka kwenye baiskeli kabla ya nyumba, usiende nayo mpaka mlangoni," Mzee Chilumba alinifundisha. "Mtu akikuona unakuja kwa miguu anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Soma taratibu. Ukimaliza, ngoja kidogo, kisha ondoka. Usikae. Ukikaa kwa huyu, mwingine anachelewa kumzika wake."

Na jambo moja zaidi, alilolisema kwa ukali: telegramu hailali ofisini.

Sasa nije kwenye umbali. Kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yake Mzee alikuwa amefunga mita, kidude kidogo kuliko kibiriti. Palikuwa na kijiti cha chuma kwenye spoku, na kila gurudumu likizunguka kijiti kiliigonga mita, tik, na namba zake zikasogea. Ilihesabu maili. Serikali ilipotuhamishia kwenye kilomita, mabango ya barabarani yakabadilishwa, Mzee akasema mita yake haikupata hiyo taarifa, akaendelea na maili. Kila jioni alisoma mita, kisha akachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa banda. Mistari ilipangwa safu safu: siku za maili ishirini safu yake, za ishirini na moja yake, hivyohivyo mpaka juu. Mwanzoni nilidhani ni deni la mtu.

"Hii ndiyo namba yangu," akanieleza. "Sikiliza. Tuseme una siku ishirini ambazo kila moja umeendesha maili ishirini au zaidi. Namba yako ni ishirini. Ukitaka ishirini na moja, lazima uwe na siku ishirini na moja, na kila moja iwe imefika maili ishirini na moja. Zile zako za ishirini kamili hazikusaidii tena. Zimeanguka."

"Zote?"

"Zote. Kila unapopanda ngazi unatupa siku zako za nyuma."

Ndugu Kimaro, ambaye alipita kutuharakisha, akacheka. "Si ujumlishe tu maili zote, Mzee? Upate namba kubwa, ujivunie."

"Jumla hata gurudumu la mkokoteni linayo," Mzee akamjibu. "Mvivu akiishi miaka mingi naye atakuwa na jumla kubwa."

Nikamuuliza kwa nini hahesabu telegramu, maana ndizo kazi yetu. Alikaza spoku moja, akaigonga kwa kucha kusikiliza mlio wake, akahamia nyingine.

"Telegramu nilizihesabu mwaka wa kwanza," akasema. "Nikaanza kuota majina ya watu. Nikaacha. Barabara ukiihesabu unalala."

Basi nami nikamwomba fundi mmoja wa palepale Gerezani anitafutie mita. Akanipatia moja iliyotolewa kwenye baiskeli iliyokwisha kufa, kioo kina ufa, lakini inahesabu. Nikaanza safu zangu kwenye ukuta, pembeni ya za Mzee. Mizunguko ya kazi ilinipandisha haraka mpaka ishirini na kitu, halafu nikakwama, kwa sababu mji ule haukuwa na zaidi ya hapo. Ukizunguka Kariakoo, Upanga, Magomeni, ukapita Jangwani mara tatu, jioni mita inakuonyesha maili ishirini na tano, siku mbaya sana thelathini. Kutoka hapo ilibidi utafute mwenyewe, siku yako ya mapumziko, kwa jasho lako na uji wako.

Mzee alikuwa akitafuta hamsini. Jumapili ambazo hakuwa zamu alihudhuria misa ya kwanza, kisha akashika Barabara ya Morogoro, Ubungo, Kimara, Mbezi, mpaka Kibaha na kupita kidogo, akageuka. Hizo ni maili hamsini na ushee. Jumapili moja, mstari mmoja. Mara nyingine nilikwenda naye. Hatukuzungumza sana njiani. Kimara kuna mlima ambao haukuachii pumzi ya maneno.

Halafu ikaja miaka ya shida, mnaijua kwa kusimuliwa. Sabuni hakuna, unga kwa foleni, na tairi la baiskeli lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kumjua mtu. Tairi likichanika tulilishona kwa waya wa spoku, tukaweka ndani kipande cha tairi la zamani. Viraka vya tyubu vikafika mahali kiraka kinabandikwa juu ya kiraka. Mzee alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Jumapili zake zikapungua. Kwa upande mwingine mafuta yalikuwa shida hata kwa wakubwa, magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, na barabara ikabaki yetu. Hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulisifia katika shida ile.

Katikati ya masika moja Mzee alinionyesha ukuta. Katika safu zake za hamsini na kuendelea alikuwa na mistari arobaini na tisa. Ilibaki siku moja.

"Jumapili ijayo," akasema. "Nikimaliza hiyo, namwandikia Skola kwamba baba yake amekuwa wa hamsini. Hataelewa, lakini atafurahi." Skola alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na alikuwa mjamzito. Mzee alikwisha kumnunulia mtoto shati, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliyelitoa chini ya kaunta kama bangi.

Jumapili hiyo mimi nilikuwa zamu. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Mchana, nilipokuwa naziba pancha bandani, Ndugu Kimaro akaja mwenyewe. Kwa kawaida alikuwa akiita tu kutoka dirishani. Alikuwa ameishika bahasha kwa mikono miwili.

"Saidi, hii ni ya Chilumba."

Hakuhitaji kunisomea, lakini alinisomea, kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye ndiye aliyeipokea kutoka kwenye mashine na nadhani hakutaka kubaki nayo peke yake. SKOLA AMEFARIKI UZAZI MAZISHI LEO MTOTO MZIMA.

Nje treni ilikuwa ikipiga honi ikiingia stesheni.

"Yuko barabarani," Kimaro akasema. "Leo ndiyo siku yake ile. Tumwache arudi, Saidi. Mpe jioni. Tutakuwa tumemwibia nini? Mazishi hawezi kuyawahi hata akipaa."

Maneno yake yalikuwa na utu, na nimeyafikiria miaka mingi. Lakini akilini nilimwona Mzee anarudi jioni anachora mstari wake, anacheka, na mimi nimesimama pale na bahasha mfukoni tangu saa sita. Nikavaa kofia. Kimaro akanifungulia geti.

Barabara ilikuwa tupu. Niliendesha kama nisivyowahi kuendesha. Ubungo, Kimara, ule mlima niliupanda bila kushuka, Mbezi, Kibamba. Nilitumaini kwamba nitamkuta anarudi, amekwisha kugeuka, maili zake ziko mfukoni tayari. Nilimkuta Kiluvya, bado anakwenda. Alikuwa amepata pancha ya tatu tangu asubuhi. Baiskeli ilikuwa kichwa chini miguu juu kando ya barabara, na yeye amekaa kwenye majani anaisugua tyubu kwa msasa.

Nilishuka mbali, nikaenda kwa miguu nikiikokota baiskeli, kama alivyonifundisha. Aliinua macho. Akaona sare, akaona mfuko. Akaweka msasa chini, akafuta mikono kwenye majani, upande huu na upande huu, kwa muda mrefu.

"Ni yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Soma."

Nikasoma. Sikukwama. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia.

Alitazama chini. Baadaye akauliza, "Barabara ya kusini?"

"Imefungwa. Rufiji imejaa tangu mwezi uliopita."

"Meli?"

"Imeondoka Alhamisi, Mzee. Nyingine sijui lini."

"Haya, basi."

Akaichukua tyubu, akaipaka gundi, akaipuliza, akabandika kiraka, akakishikilia kwa vidole gumba viwili. Nikasogea kumsaidia, akatikisa kichwa. Akarudisha tairi, akajaza upepo, akaisimamisha baiskeli. Akapanda, akaelekea Kibaha.

"Mzee, mji ni huku!"

"Najua mji uliko," akasema bila kugeuka. Nilipomfikia akaongeza, "Nikirudi sasa hivi nitakaa chumbani na nani?"

Tukaenda. Nilimfuata nyuma ya gurudumu lake, nikisikia mita yake inagonga, tik, tik. Kibaha alishuka, akaomba maji kwenye nyumba moja, akanywa, akanipa kata nami nikanywa. Mwenye nyumba aliitazama sare yangu akauliza kama kuna ubaya. Mzee akamwambia, "Umekwisha kufika, dada. Si wako." Akasogea mbele mpaka pale anapogeukia siku zote, akageuka. Kuanzia Kimara, mteremko ambao siku nyingine tuliushuka kwa kelele kama watoto, yeye aliushuka ameshika breki mpaka chini. Nilisikia mipira inalia juu ya rimu. Tulifika Gerezani jua likizama. Akaegesha baiskeli, akavua kofia, akaondoka kwa miguu kwenda kwa Bi Mwajuma. Ukuta hakuutazama.

Asubuhi alikuja kazini kama kawaida, kwani angekwenda wapi. Ndani ya banda tukakuta mstari mpya, wa hamsini, umechorwa kwa uangalifu mwishoni mwa safu. Ndugu Kimaro alikuwa amebaki jioni ile, akasoma mita ya Mzee mwenyewe, akachora. Karani yule na tai yake, mkaa ulikuwa bado umeingia kwenye kucha.

Mzee aliusogelea mstari, akaufuta kwa mkono wa shati mpaka pakabaki doa la kijivu.

"Asante, Kimaro," akasema. "Nimeona ulichotaka. Lakini sikuwa naendesha."

Hakuchora tena. Na kuna jambo lingine lililobadilika, ambalo ofisi iliona haraka kuliko hilo. Wiki ile Kimaro alinituma Magomeni kumtafuta, maana alitoka asubuhi na mchana hajarudi. Nikamkuta kwenye nyumba ya kijana mmoja aliyefiwa na mama yake. Mzee alikuwa amekaa mkekani na wafiwa, kofia gotini, mfuko pembeni, na ndani yake telegramu za watu wengine.

"Mzee," nikamnong'oneza, "mfuko."

"Chukua."

"Na wewe?"

"Mimi nimekaa."

Ikawa hivyo kila siku. Akipeleka msiba, anakaa. Wengine walimpa chakula wakidhani ni ndugu wa upande wa pili. Mimi nilibeba nyumba zilizobaki, na jioni mita yake ilionyesha maili nne, tano. Mkuu wa ofisi alivumilia kwa muda, kisha akamhamishia ndani kubandika bahasha. Simlaumu, telegramu zilikuwa zinachelewa kweli, na mwenye kuchelewa kumzika mama yake hatuwezi kumweleza kwamba tarishi alikuwa na huzuni. Lakini mtu aliyezoea barabara ukimketisha kwenye meza ya bahasha, anazeeka ukiwa unamtazama.

Mvua zilipokwisha aliomba kustaafu akamlee mjukuu. Nilimsindikiza bandarini na sanduku lake la mbao, lile shati la mtoto akiwa amelifunga ndani ya gazeti na kulikumbatia. Nilitayarisha maneno mengi ya kumshukuru. Yeye akaniambia, "Ile baiskeli yangu watakupa wewe. Tairi la nyuma usilijaze sana, litapasuka." Akapanda ngazi, akakohoa, akaingia.

Mwaka uliofuata banda lilipakwa chokaa ndani na nje kwa ajili ya mgeni mkubwa, ambaye alipeana mikono na watu mbele ya jengo akaondoka bila kufika nyuma. Safu za Mzee zikaenda na chokaa, zangu pia. Zangu nilizijua kwa kichwa. Niliendelea Jumapili kwa Jumapili, peke yangu sasa, kwenye ile baiskeli yake. Msiniulize kwa nini. Labda kwa sababu nyumba nilizokuwa nazipelekea telegramu zilikuwa zimeanza kunijia usingizini.

Ilinichukua miaka. Siku niliyokamilisha hamsini nilirudi mjini alasiri, mita ya Mzee ikionyesha maili hamsini na mbili. Banda lilikuwa tupu. Ndugu Kimaro alikuwa amekwisha kuhamishiwa Moshi. Matarishi wapya walihesabu siku za mshahara, na sikuwa na la kuwalaumu. Nilisimama pale na namba yangu kama mtu aliyebeba samaki na hana chungu. Nikafikiri, ni nani katika mji huu aliyewahi kusikia habari ya namba hii? Nikamkumbuka Bi Mwajuma, ambaye kwa miaka alimsikiliza Mzee akiieleza huku akimpakulia ugali.

Nikaenda. Nguo zilikuwa adimu wakati ule, suruali yangu pekee isiyochanika ilikuwa ya kazini, kwa hiyo niliendesha na sare hata siku ya mapumziko. Sikulifikiria hilo mpaka nilipokata kona nyuma ya soko na kumwona Bi Mwajuma barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alinyanyua uso. Ungo ukaanguka.

"Chilumba?" akasema.

"Hapana, Bi Mwajuma. Shikamoo. Sijaleta kitu."

"Usinifiche, Saidi. Nisomee tu."

"Sina telegramu, mama. Tazama, hata mfuko sina. Nimekuja kukwambia nimefika hamsini."

Alinitazama, mkono kifuani.

"Hamsini nini, mwanangu?"

Nikaanza kumweleza, siku ngapi, maili ngapi, na kwa nini zile pungufu hazihesabiwi. Yeye alikuwa ameinama anaokota mchele mchangani, punje kwa punje. Nikaiacha hesabu, nikalaza baiskeli chini, nikachuchumaa kumsaidia kuokota.